CHAKI ISIACHWE MLANGONI

Wanachama wenzetu,

Kuna neno limezoeleka katika ofisi kubwa kubwa, nalo husemwa kwa sauti ya upole kana kwamba ni hekima: "Sera ni kazi ya wataalamu, mwalimu na afundishe." Neno hili twalipinga. Twalipinga kwa kuwa ni la kiburi, na twalipinga zaidi kwa kuwa ni la khasara. Anayeandika kanuni za bahari pasi na kumwuliza nahodha, karatasi yake itapendeza, mhuri wake utang'aa, na chombo kitazama.

Walakini hatusemi kuwa kila mwalimu akipewa kiti cha ofisini basi elimu imepona. La hasha! Wako waliopanda ngazi ile na chaki wakaiacha mlangoni, kama mtu avuavyo viatu. Hoja yetu ni moja, na msomaji aishike tangu sasa: mwalimu ana haki ya kuingia chumba kinapotungwa sera, na chumba hicho kina haja naye kuliko yeye alivyo na haja nacho, lakini aingie pamoja na darasa lake. Akiliacha nje, bora angebaki alikokuwa.

LUPIRO NDIYO MIZANI

Mimi ni mtu wa Visiwani, na riziki yangu imeniweka Lupiro, katika wilaya ya Ulanga, mkoa wa Morogoro. Msomaji asiyepajua na afahamu hivi: ukitoka Ifakara wavuka mto Kilombero, zamani kwa pantoni na sasa kwa daraja lililozinduliwa mwaka 2018, kisha wafika Lupiro, mahali njia inapogawanyika, moja ikipanda Mahenge na nyingine ikielekea Malinyi. Bonde lote hili ni la mpunga. Mpunga ndio mshahara, ndio mahari, ndio matibabu, na ndio sare ya mtoto wa skuli.

Yamkini mtu atauliza: gazeti la Visiwani lahusu nini na Lupiro? Elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano. Sisi tuna wizara yetu na sera zetu, nao Bara wana zao. Ni kweli. Lakini ugonjwa ni mmoja, na mwenye busara hutazama jirani anavyougua ili ajue dawa ya nyumbani kwake.

Sasa sikilizeni khabari ya bonde hili. Mimi nauza madaftari mwezi wa Januari hata yakanimalizikia. Watoto huja na fedha zilizofungwa katika ncha za kanga za mama zao. Mvua kubwa zinapokaribia, mtoto yule yule aliyenunua daftari huja kununua chumvi, kibiriti na betri za tochi. Kwa nini? Kwa sababu nyumba nzima yahamia shambani. Mashamba ya mpunga yako mbali, katika mbuga ambako maji hujaa. Watu hujenga vibanda na madungu huko, wakakaa miezi kwa kupalilia, kuwinga ndege, na kuwakesha nguruwe pori. Mtoto ama hufuatana na wazazi, ama huachwa kijijini na mkubwa wake mwenye miaka 11 au 12, ajipikie na ajiamshe mwenyewe kwenda skuli.

Jambo hili kila mwalimu wa hapa alijua. Aita majina asubuhi, aona madawati yaliyo wazi, na ajua ni nani atakayerudi baada ya mavuno akiwa amesahau hesabu zote za kugawanya. Ofisini halijulikani, kwani kilichofika huko ni orodha ya Januari. Na orodha ya Januari, ndugu zangu, ni sawa na gunia la mpunga mbichi. Likipandishwa kwenye mizani lina uzito wa kupendeza. Mnunuzi mgeni hulipa na kushukuru. Likiisha kuanikwa juani, ndipo ajuapo amenunua maji. Mimi sinunui mpunga kwa kusoma mizani peke yake. Naingiza mkono guniani, naitwaa punje, naiuma. Mwalimu ndiye mwenye mkono huo. Wataalamu wana mizani, nasi hatuidharau mizani. Lakini anayejua kilichomo guniani ni mwengine.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 ilizinduliwa Dodoma Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023. Sera hiyo yafanya elimu ya lazima kuwa miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Ni jambo jema, na aliyelikusudia twamwombea kheri. Lakini lazima hiyo itakapofika Lupiro itakutana na mpunga, na mpunga hausomi waraka. Je, kalenda ya masomo itafuata mvua za bonde hili? Je, patakuwa na dakhalia ya watoto ambao wazazi wao wako mbugani? Au tutamtia hatiani mzazi kwa kwenda kutafuta ada ya kula? Hayo ndiyo maswali ambayo mwalimu wa Lupiro angeyauliza siku ya kwanza ya mkutano, kabla chai haijaletwa.

HESABU YA DAKIKA ARUBAINI

Tupige hesabu kidogo, maana mwenye duka hajui kusema bila ya hesabu. Kipimo cha Serikali kwa skuli za msingi za Bara ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Kipindi ni dakika 40. Mgawie kila mtoto sehemu yake: apata sekunde 53. Sasa chukua darasa la watoto 90, ambalo kwa skuli nyingi za vijijini si ajabu wala si muujiza. Kila mtoto apata sekunde 26 na ushei. Katika muda huo mwalimu amwone, amwulize, amsahihishe, na amtie moyo. Akitoka hapo ana madaftari 90. Akilitazama kila moja kwa dakika mbili, ni saa tatu nzima, na hilo ni somo moja tu.

Mwaka 2015 ulitoka Waraka wa Elimu Namba 5, na kuanzia Januari 2016 ada na michango ya lazima ikaondolewa katika skuli za Serikali Bara. Watoto wakamiminika. Nani atachukia mtoto wa maskini kuingia skuli? Sisi hatuchukii, twafurahi. Lakini mwalimu angesema mapema: mlango mkiufungua leo, jengeni chumba jana. Waraka ulipokuja kwanza na vyumba vikafuata baadaye, aliyebeba tofauti ya hesabu hiyo hakuwa mwandishi wa waraka. Alikuwa mwalimu, na mtoto aliyekaa chini sakafuni.

WALIOSHIKA KALAMU KUBWA

Historia yetu haikosi mifano ya walimu waliotoka darasani wakaishika kalamu ya sera. Tuitazame kwa insafu, maana haki haina chama.

Julius Nyerere alisomesha Tabora, kisha Pugu, na mwaka 1955 akaacha ualimu kwa ajili ya siasa. Mwezi wa Machi mwaka 1967 alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Yeyote ausomaye huona mkono wa mwalimu. Mwandishi wake alijua kwamba watoto walio wengi hawatafika sekondari, kwa hiyo akataka skuli ya msingi iwe imekamilika yenyewe, isiwe ngazi ya wachache. Alijua mtihani unavyoweza kuitawala skuli. Alijua mtoto akitengwa na kazi za kwao hudharau kwao. Maneno hayo hayatoki kwa mtu aliyesoma takwimu peke yake. Yatoka kwa mtu aliyewatazama wanafunzi machoni.

Lakini tazameni pia upande wa pili. Novemba 1974 likatoka Azimio la Musoma, na nchi ikaambiwa kwamba kufikia Novemba 1977 kila mtoto awe skuli. Nia ilikuwa tukufu. Watoto wakaandikishwa kwa wingi usiopata kuonekana; mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa zaidi ya milioni 3 katika skuli za msingi. Na walimu wakatoka wapi? Vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa huku wakifundisha, kwa masomo ya posta na ya redio. Hao ndio waliokuja kuitwa walimu wa UPE, na wengi wao walifanya kazi ya kishujaa kwa ujira wa kuhuzunisha. Lakini yule aliyepata kusimama mbele ya darasa la Pugu alijua vyema kwamba mwalimu hafanywi kwa haraka. Kiti kilikuwa kirefu mno. Kutoka juu yake idadi ya watoto ilionekana, na uso wa mtoto mmoja haukuonekana tena.

Mfano mwengine ni lugha. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kuwa lugha ya kufundishia sekondari. Serikali haikulifuata pendekezo hilo, na aliyekuwa juu ya Serikali wakati ule ni Mwalimu mwenyewe. Hata leo mtoto wa Lupiro aliyekua kwa Kipogoro au Kindamba, akasoma msingi kwa Kiswahili, huingia kidato cha kwanza akaambiwa kwamba maarifa yote yamehamia Kiingereza. Mwalimu wake hueleza kwa Kiswahili, akaandika ubaoni kwa Kiingereza, na mtoto akanakili asichokijua.

Na huku kwetu Visiwani? Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua kwamba Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Sisemi kwamba hakuna mwalimu aliyeulizwa. Nauliza kama aliyeulizwa alisikilizwa. Mtoto wa darasa la tano Mtambwe au Makunduchi, ambaye Kiingereza hakisikii nyumbani wala sokoni, anaposhindwa kujibu swali la sehemu na desimali, mwalimu hupata taabu kujua: ameshindwa hesabu, au ameshindwa lugha? Aliyewahi kusahihisha daftari la mtoto huyo asingelipitisha jambo hili kwa kalamu nyepesi.

Visiwa vyetu navyo vimetoa walimu waliofika huko juu. Mzee Ali Hassan Mwinyi alianza kwa kusomesha Mangapwani, akafika kuwa mkuu wa chuo cha ualimu Zanzibar, na baada ya Mapinduzi ya 1964 akawa Katibu Mkuu wa Wizara ya Elimu, kabla ya yote yaliyofuata hata urais. Hakuwa wa upande wetu, Mungu amrehemu. Lakini njia yake ilikuwa sawa: skuli ya kijiji kwanza, chuo cha kufunza walimu kisha, ndipo wizara. Hakuruka ngazi.

Na Maalim Seif Sharif Hamad, mzaliwa wa Mtambwe, alimaliza kidato cha sita mwaka 1963. Mapinduzi yalipofuatiwa na kuondoka kwa walimu wa kigeni, vijana wa umri wake waliingizwa madarasani kuziba pengo, naye akasomesha Lumumba na Fidel Castro hata mwaka 1972 alipokwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1977 akawa Waziri wa Elimu Zanzibar, akakaa hapo mpaka 1980. Baadaye alikuwa Waziri Kiongozi, alikuwa mfungwa, alikuwa kiongozi wa upinzani, na alifariki tarehe 17 Februari 2021 akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Vyeo vyote hivyo vilikuja vikaenda. Watu walimwita nini siku zote? Walimwita Maalim.

Bara wakasema Mwalimu, Visiwani tukasema Maalim. Neno moja, na si pambo. Ni deni. Umma unapomwita kiongozi kwa jina la darasani, wamwambia: tunakukumbusha ulikotoka, nasi tutakupima kwa huko.

WANAOPINGA WASEMAVYO

Wako watakaotujibu, na ni haki wajibiwe.

Wa kwanza atasema: mwalimu hodari akiondoka skuli, watoto wake wamepotewa. Hoja hii ina nguvu, na asiyeihisi hana mtoto skuli. Kijiji chenye walimu wachache kikichukuliwa aliye bora, ni kama kisima kimoja kuchotwa kwa ajili ya mji wa mbali. Lakini jawabu si kumfunga mwalimu kamba. Jawabu ni kwamba nafasi yake ijazwe kabla hajapanda gari, na huko aendako afanye kazi ambayo itarudi kwa watoto wale wale. Ikiwa aenda kubeba mafaili ya mkubwa na kusaini posho za semina, basi kweli tumeibiwa mara mbili: darasa limempoteza, na sera haikumpata.

Wa pili atasema: mwalimu ajua skuli moja tu, na sera ni ya nchi nzima. Twamjibu: na yule asiyejua hata moja, je? Mwalimu wa Lupiro amjua mtoto wa mpunga. Mwalimu wa Pemba amjua mtoto wa msimu wa karafuu. Mwalimu wa pwani amjua mtoto wa dago na wa mwani. Wakusanyeni meza moja, na nchi nzima imefika.

Wa tatu, naye ndiye msema kweli kuliko wote, atanong'ona: walimu wanaokwenda ofisini hawaendi kwa ajili ya sera; wanaukimbia ubao. Ni kweli kwa wengi, wala hatuwalaumu upesi. Mtu anayesahihisha madaftari 90 kwa taa ya tochi, akakaa nyumba inayovuja, na mshahara wake ukaisha kabla ya mwezi, akiona mlango u wazi atatoka. Aibu si yake. Aibu ni ya wale walioifanya heshima ya ualimu ipatikane kwa kuacha kufundisha. Katika chuo nilichosomea mimi, maalim alizeeka akiwa maalim, mkeka ule ule, na hapana aliyethubutu kusema kwamba hakupanda. Leo mwalimu aliyekaa darasani miaka 20 huulizwa na jirani zake, "Mbona hujaendelea?" Swali hilo peke yake latosha kuua elimu.

TWATAKA NINI

Hatuandiki ili kulalama. Twataka mambo haya, Visiwani na Bara:

Kwanza, katika kila kamati inayotunga sera ya elimu ya msingi na sekondari, nusu ya wajumbe wawe walimu ambao wakati huo huo wanafundisha, na miongoni mwao wawemo wa vijijini. Wasialikwe siku ya mwisho kupiga picha. Wawepo siku ya kwanza kupinga.

Pili, mwalimu aliyechukuliwa wizarani, au katika taasisi ya mitaala, arudi darasani muhula mmoja katika kila miaka mitatu, katika skuli ya kawaida, na kipindi chake kiandikwe ubaoni kama cha wenzake. Ataona kama alichokiandika chafundishika.

Tatu, rasimu ya sera isomwe katika skuli za mbali kabla ya kutiwa saini, kwa Kiswahili kinachoeleweka, walimu wapewe muda wa kujibu, na majibu yao yachapishwe ili tujue lipi lilikubaliwa na lipi lilitupwa, na kwa sababu gani.

Nne, mwalimu aliyebaki darasani apandishwe daraja na mshahara akiwa darasani. Asilazimike kuiacha chaki ili ale.

Na kipimo hiki tujipimie na sisi wenyewe. Ikiwa kiti cha elimu kitakaliwa na mtu wetu, tusimwulize alipiga kura wapi wala alihutubia mikutano mingapi. Tumwulize: ulifundisha wapi, miaka mingapi, watoto wangapi, na mara ya mwisho kuingia darasani ilikuwa lini? Akibabaika, tumtafute mwengine. Chama kinachodai haki kwa wengine kisipoanza nyumbani kwake, madai yake ni kelele za sokoni.

Basi kila mwanachama katika tawi lake na afanye kazi hii ndogo mwezi huu. Nenda skuli iliyo karibu nawe, mwulize mwalimu mmoja ni kanuni gani inayomzuia kufundisha vizuri, na yeye angeiandika vipi. Andika jawabu lake kama alivyolisema, usilipambe. Lilete tawini. Tukiisha kuyakusanya hayo kutoka kila shehia, tutakuwa na sera mkononi iliyoandikwa na wenyewe, na hapo ndipo tutakapokuwa na la kuwasomea wataalamu.

Wabillahi tawfiq.

Mwenye Duka,
Lupiro